Bunduki Kuukuu ya Upepo: Uifufue Mwenyewe, Umpe Fundi, au Ununue Mpya?

Niliinunua kwa pauni 70 kutoka kwa mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akiondoa vitu vyake kwenye banda la bustani. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya blanketi, ubao wake umechubuka, na chuma kimeota madoa ya kutu rangi ya chai. Nilipouvunja mtutu ili kuikaza, ililia kama kitanda cha chuma. Nilipofyatua, risasi ilitoka, lakini kilichosikika zaidi kilikuwa springi: dziiing, kama waya wa seng'enge uliopigwa rungu. Mke wangu akachungulia mlangoni.

"Bwana wee," akasema, "umenunua bunduki au umenunua kazi?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Sasa miezi minne imepita. Pesa nyingine nilizitumia kwa akili na nyingine kwa upumbavu, na zote nimeziandika. Makala haya ni jibu la swali lile kwa msomaji aliye hapa Uingereza, aliyeona bunduki kuukuu mnadani, dukani au kwenye dari ya mkwewe, na anajiuliza kama inafaa kufufuliwa. Bei nitakazotaja ndizo nilizokutana nazo nilipokuwa nikizunguka kutafuta. Kwako zinaweza kupanda au kushuka kidogo, lakini uwiano wake utakuongoza.

Jina moja, bunduki mbili

Bunduki yangu ni Original modeli ya 27, ya milimita 5.5. Jina hilo lina kisa, na kisa chenyewe kinagusa mfuko. Ilitengenezwa Rastatt, Ujerumani, na kiwanda cha Mayer & Grammelspacher kilichoanzishwa 1890 na kujulikana kwa jina la Diana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mitambo ya kiwanda na haki ya kutumia jina la Diana vilitolewa kama fidia ya vita, vikaangukia kampuni ya Milbro ya Motherwell, Scotland. Wajerumani waliporudi sokoni wakakuta hawawezi kuuza Uingereza kwa jina lao wenyewe, wakaandika "Original" kwenye chuma. Jina halikurudi mikononi mwao hadi miaka ya 1980.

Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: Diana 27, Original 27 na Winchester 427 iliyouzwa Marekani ni bunduki moja yenye majina matatu. Lakini Diana iliyotoka Milbro ni bunduki nyingine kabisa, na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Muuzaji asiyejua historia anaweza kukuuzia ya Scotland kwa bei ya Rastatt, au, ukibahatika, kinyume chake. Tazama maandishi juu ya silinda, si tangazo. Zile za Rastatt mara nyingi zimepigwa stempu ya mwezi na mwaka upande wa nyuma wa silinda, kwa hiyo huna haja ya kuuliza umri wake.

Sheria imeshaweka dari

Kabla ya kulinganisha bei, lazima tuelewane pesa inanunua nini. Watu wengi hudhani inanunua nguvu. Hapa hainunui.

England na Wales, mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kumiliki bunduki ya upepo bila cheti ilimradi nguvu yake isizidi futi-ratili 12, yaani takriban jouli 16.3. Ikizidi hapo inahesabiwa kuwa silaha ya kuhitaji cheti cha polisi, na kukaa nayo bila cheti ni jinai, hata kama iliyoizidisha ni springi uliyonunua kwa nia njema. Scotland hudai cheti hata kwa zilizo chini ya kiwango hicho tangu mwisho wa 2016. Ireland ya Kaskazini hudai cheti kwa chochote kinachozidi jouli 1. Ujerumani, kiwango cha bila kibali ni jouli 7.5, na bunduki za huko hupigwa alama ya herufi F ndani ya pembetano. Kwa hiyo ukiona F usishangae ikiwa dhaifu, maana ilizaliwa hivyo. Na msomaji aliye Afrika Mashariki asichukue makala haya kuwa ruhusa. Huko aanzie kituo cha polisi, si kwa fundi.

Dari hilo ni moja kwa wote. Risasi ya milimita 5.5 yenye uzito wa gramu 1.03 huligusa ikienda mita 177 hivi kwa sekunde. Ile ya milimita 4.5 yenye gramu 0.55 huligusa kwenye mita 243. Bunduki ya pauni 500 ikifika hapo inasimama, na ya pauni 150 nayo ikifika hapo inasimama. Modeli yangu ya 27 haifiki hata karibu, maana haikuumbwa kwa nguvu hizo.

Basi pesa ya ziada inanunua tabia: namna kifyatulio kinavyoachia, namna bunduki inavyoruka mkononi, namna risasi ya kumi inavyokwenda ilikokwenda ya kwanza. Ukilishika hilo, nusu ya vipuri vinavyotangazwa utavipita bila kugeuza shingo.

Kagua kisichonunulika

Ndani ya bunduki ya aina hii hamna baruti wala mtungi wa gesi. Unavunja mtutu, mkono wa chuma unaisukuma pistoni nyuma, springi inajikaza na kushikwa na kifyatulio. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele, hewa inabanwa, inapita kwenye tundu dogo na kuirusha risasi. Katika yote hayo, vinavyolika ni vitatu: springi, sili ya pistoni, na washa inayoziba pale mtutu unapokutana na silinda. Vyote vitatu ni vya bei ndogo. Ghali ni kile kilichobaki, na hicho ndicho cha kukagua kabla hujatoa pochi.

Anza na mtutu. Mtu akifyatua bunduki ilhali mtutu uko wazi, mtutu hurudi kwa kishindo na kupinda kwenda juu karibu na kiungo, na ubao huweza kupasuka nyuma ya kiungo hicho. Uangalie kwa upande, ukiulinganisha na rula ndefu. Halafu ufunge na kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza, muulize muuzaji kama boliti ya kiungo inakazika au imekwisha. Tazama skurubu zote. Vichwa vilivyoliwa vinakwambia kuna mtu aliingia humo kabla yako, na pengine hakuwa na bisibisi ya saizi yake. Kutu ya nje ni sura tu. Kutu ndani ya silinda ni maradhi, kwa sababu kila sili mpya utakayoweka itachanwa kama nguo kwenye msumari.

Mwisho, ikaze mara kadhaa uone kama kifyatulio kinashika. Unapofanya hivyo, mkono mmoja usiuachie mtutu mpaka umeufunga. Bunduki nyingi za zamani hazina kizuizi cha usalama, na kidole gumba kilicho kwenye njia ya mtutu unaorudi hakina kipuri dukani.

Yangu ilipita mtihani huo. Mtutu umenyooka, silinda ni safi, na skurubu hazijaguswa. Kwenye klabu yangu ya kupiga shabaha walinipimia kasi: risasi ya gramu 0.94 ilitoka kwa wastani wa mita 118 kwa sekunde, yaani jouli 6.5, na kila risasi na kasi yake. Hapo ndipo hesabu ilipoanzia.

Njia ya kwanza: mikono yako na vipuri vya kawaida

Springi mpya ya nguvu ya kawaida iligharimu pauni 15. Sili ya ngozi ya pistoni pauni 7, washa ya mtutu pauni 3. Kikopo cha grisi yenye molibdeni pauni 8, na chupa ya mafuta ya kwato za ng'ombe pauni 6. Jumla pauni 39.

Vifaa ni suala jingine. Springi iliyomo ndani imebanwa hata bunduki isipokazwa. Ukitoa pini zinazoizuia bila kuibana kwanza, hutoka kama mbuzi aliyekata kamba, na hairuki peke yake: inaruka na vyuma vilivyo mbele yake. Vibanio maalumu vya kufungulia bunduki nilivikuta vikiuzwa pauni 50 na zaidi. Mimi nilinunua jiliwa refu la seremala kwa pauni 18, nikalifunga kwenye ubao mnene na kutegemeza bunduki kwa vipande vya mbao. Panchi za kutolea pini, pauni 10. Hivyo vifaa ni pauni 28, na vimebaki vyangu.

Kazi yenyewe haihitaji shahada, inataka utaratibu. Kifyatulio cha modeli ya 27 kina mipira mitatu midogo ya chuma, ambayo hudondoka mara tu kinapofunguliwa. Nilikifungulia juu ya sinia lenye kitambaa, na bado mpira mmoja nilikwenda kuukamata chini ya friji. Ngozi mpya niliilowesha mafuta ya kwato usiku kucha, ili iwe laini na ipanuke kuziba vizuri. Springi ya zamani nilipoibiringisha mezani iliyumba kama gurudumu la baiskeli lililogonga shimo. Ilikuwa imepinda, ndiyo maana ya ule mlio.

Grisi ipake kidogo. Mafuta ya kawaida ya mashine, na yale ya kopo la kupulizia, yasikanyage kabisa mbele ya pistoni. Hewa ikibanwa kwa ghafla hupata moto, mafuta hayo huwaka kama ndani ya injini ya dizeli, ukasikia mlipuko na kuona moshi. Wengine huufurahia kwa kudhani bunduki imepata nguvu. Kinachotokea ni kwamba sili inaungua, springi inapigwa kinyumenyume, na kwa sekunde hiyo unaweza kuwa umelivuka dari la sheria.

Baada ya risasi mia mbili za kuizoesha ngozi nafasi yake, kasi ilitulia kwenye mita 139 kwa sekunde, jouli 9. Umbali wa mita 20, nikiwa nimeegemea meza, matundu matano yalifunikwa na sarafu ya pauni mbili. Mlio wa kitanda uliisha.

Hapa niungame. Wiki iliyofuata nilinunua springi nyingine, ya pauni 17, iliyosifiwa kwenye pakiti kuwa ni ya "nguvu ya ziada". Niliiweka. Kasi ikapanda hadi mita 143. Kwa mita 4 hizo za ziada nilipata bunduki ngumu kukaza, iliyoruka mkononi kama samaki, na matundu matano yale yale sasa yalitaka kikombe cha kahawa kuyafunika. Sababu ni rahisi. Kinachoisukuma risasi ni hewa, na silinda ndogo ina hewa kidogo. Springi kali haiongezi hewa, inaongeza ghasia tu. Niliitoa siku ya tatu. Iko droo ya jikoni mpaka leo, na kila nikifungua droo hiyo naziona pauni 17 zikinitazama.

Njia ya pili: seti ya kulainisha

Ile dziiing hutoka kwenye springi inayotetemeka kwa kuwa ndani ya pistoni kuna nafasi, na kiongozi kinachopita katikati yake ni chembamba kuliko inavyotakiwa. Seti za kulainisha hutibu hilo: kiongozi cha plastiki ngumu kilichokerezwa kuibana springi barabara, kofia ya upande wa pili, springi iliyonyooshwa na kusuguliwa ncha zake, pamoja na grisi. Bei nilizoziona zilikuwa kati ya pauni 50 na 90, nyingi zikizunguka 75.

Zinafaa? Nilipiga risasi na bunduki ya mwanachama mwenzangu, Weihrauch HW80 iliyowekewa seti ya aina hiyo. Haikulia. Ilisema *tup*, kama kitabu kilichofungwa. Tofauti unaisikia begani kabla ya sikioni. Lakini angalia bunduki ipi. Kwa HW35, HW77 na HW80, seti zipo tayari madukani kwa sababu bunduki hizo ni nyingi na bado zina thamani. Kwa modeli ya 27 itabidi utafute mtu mwenye mashine ya kukereza akutengenezee kiongozi kwa vipimo vyako, na seti ya pauni 75 ndani ya bunduki ya pauni 70 ni sawa na kumwekea punda tandiko la farasi. Punda atapendeza, ila siku ya kumuuza hakuna atakayelipia tandiko.

Ipo dawa ya maskini: grisi nzito yenye kunata kama lami, pauni 8 hivi, inayopakwa kiasi juu ya springi. Hunyamazisha kelele siku hiyo hiyo. Gharama yake ni kasi. Inaipunguza, na bunduki dhaifu huumia zaidi kuliko yenye nguvu, hasa asubuhi ya baridi grisi inapokuwa ngumu. Nilipaka kiduchu sana, nikapoteza mita 3 kwa sekunde, nikaridhika.

Njia ya tatu: fundi

Fundi mzuri wa bunduki za upepo alinitajia pauni 80 za kazi, mbali na vipuri. Kwa springi, sili na washa ni pauni 105. Kwa bei hiyo unapata mambo matatu usiyoyapata mezani kwako: jicho lililoona mamia ya silinda, kipima-kasi, na mtu wa kumrudia ikiharibika.

Kabla ya kumwachia, uliza maswali manne. Atapima kasi kabla na baada, na atakuandikia matokeo? Atapima kwa risasi zaidi ya aina moja? Bunduki ya springi mara nyingi hutoa nguvu zaidi kwa risasi nyepesi, kwa hiyo iliyo salama kwa aina moja yaweza kuvuka dari kwa nyingine. Vipuri vya zamani atakurudishia? Na je, bei inajumuisha kifyatulio, au ni springi na sili tu? Fundi anayejisifu kwamba ataifikisha futi-ratili 11.9 mkimbie. Aliyekomaa ataacha nafasi, jouli 15 hivi kwa bunduki yenye uwezo, kwa sababu joto na sili iliyokwisha kuzoea vinaweza kuinyanyua baadaye, na polisi wakipima watamwuliza mwenye bunduki, si fundi.

Hesabu pia safari. Wasafirishaji wengi wa vifurushi hawapokei silaha za aina yoyote, hivyo ukubali kwenda mwenyewe mara mbili, bunduki ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wake.

Njia ya nne: mtumba wa daraja la juu, au mpya

Kwa pauni 150 hadi 200 nimeona HW35 zikibadilisha mikono. Huyo ni mkongwe wa Weihrauch, kampuni ya Mellrichstadt, Bavaria, aliyeanza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ana kifyatulio cha Rekord, ambacho hata leo wapiga shabaha hukitaja kwa heshima, na vipuri vyake havikutoi jasho. Tenga pauni 40 za kumfanyia huduma ile ile niliyoieleza, maana mtumba ni mtumba. HW80 huwa juu zaidi ya hapo. Wapenzi wa vya Birmingham watazipata BSA Meteor, bunduki iliyotoka 1959, kwa bei ya kifungua kinywa cha familia hadi pauni 80. Nembo yake ya bunduki tatu zilizoegemeana ndiyo ile ile ya baiskeli na pikipiki za BSA. Vipuri vyake ni vingi, ila kifyatulio chake hakitakufanya umwite jirani.

Mpya? Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Za bei ya chini, pauni 130 hadi 180, mara nyingi zina nguvu karibu na dari na kifyatulio kizito kama mlango wa bohari. Nguvu zipo, kulenga ni kazi. Kwenye pauni 300 hadi 350 unaingia kwa Weihrauch ndogo kama HW99S, na hapo hali inabadilika. Inatoka dukani ikiwa tayari na dhamana, na mtu anayetaka kupiga makopo Jumamosi bila kujua sili ni nini atakuwa amefika. Jua tu kwamba dukani itabidi ukabidhiwe ana kwa ana, kwa kuwa sheria ya 2006 hairuhusu mfanyabiashara kumuuzia mtu bunduki ya upepo bila kuonana naye uso kwa uso.

Zile zinazojazwa hewa kwa pampu au mtungi nimeziacha nje. Hazirukiruki mkononi na zina usahihi mkubwa, lakini bunduki ni pauni mia kadhaa, na pampu au mtungi ni mia nyingine juu yake. Hiyo ni biashara nyingine.

Gharama zisizo kwenye lebo

Risasi zitakula kuliko springi. Kopo zuri la 500 ni pauni 12, kwa hiyo kila risasi ni peni 2.4. Anayepiga mia moja kwa wiki atatumia makopo kumi na zaidi kwa mwaka, kama pauni 125. Usinunue makopo matano kwa mpigo kabla hujajua mtutu wako unapenda nini. Vichwa vya risasi za 5.5 huuzwa kwa vipimo vinavyotofautiana kwa asilimia moja ya milimita, na mitutu ya zamani, hasa ya Kiingereza, wakati mwingine huzitaka nene kidogo. Omba kumikumi kwa wenzako klabuni ujaribu. Na ukimaliza nawa mikono: risasi ni risasi kweli, na madini hayo si chakula.

Darubini ya kulengea ni mtego mwingine. Bunduki ya springi hurudi nyuma na kisha kuruka mbele, na darubini za bei ndogo hazikutengenezewa mtikisiko wa pande mbili. Vioo vyake hulegea. Inayohimili haipungui pauni 60. Modeli ya 27 imekuja na vilengeo vyake vya chuma, na kwa mita 20 vinatosha. Pauni 60 umezihifadhi.

Kipima-kasi cha kwako ni pauni 60 hadi 100. Ukiwa na bunduki moja usikinunue, azima klabuni. Lakini usikose kupima baada ya kila badiliko la springi, kwa sababu hiyo ndiyo risiti yako mbele ya sheria. Mafuta ya kitani kwa ubao na msasa laini havizidi pauni 12, ila kwa bunduki ya nadra acha makovu yake. Wakusanyaji hulipia rangi ya kiwandani hata iliyofifia, na ukiisugua umesugua thamani.

Mahali pa kupigia napo ni gharama. Kama huna ardhi au ruhusa ya mwenye ardhi, lipa ada ya klabu. Risasi ikivuka mpaka wa shamba unalopigia, umevunja sheria hata kama haikumgusa mtu. Nyumbani, ifungie mbali na watoto. Hilo nalo ni la sheria, si hiari.

Hesabu mezani

Nikianza na bunduki ya pauni 70 kwa njia tatu za kwanza, jumla zinakuja hivi:

- Mwenyewe, vipuri vya kawaida: 70 + 39 + vifaa 28 = pauni 137.
- Mwenyewe, kwa seti ya kulainisha: 70 + seti 75 + sili, washa na mafuta 16 + vifaa 28 = pauni 189.
- Kwa fundi: 70 + kazi 80 + vipuri 25 = pauni 175, na nauli yako.
- HW35 ya mtumba na huduma: 170 + 40 = pauni 210, kama vifaa unavyo.
- Mpya ya daraja la kati: pauni 320.

Ukiisoma orodha hiyo harakaharaka, njia ya kwanza imeshinda. Nami ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Akaniuliza swali la pili, baya kuliko la kwanza: "Na siku zako?"

Nilizihesabu. Kusaka vipuri, kutengeneza kibanio, kufungua, kusafisha, kufunga, kufungua tena kwa sababu ya ile springi ya kiburi, na kuutafuta mpira chini ya friji: saa 11. Kwa kima cha chini cha mshahara hapa kilichoanza Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, hizo ni pauni 134. Ziongeze kwenye 137 upate 271. Ghafla fundi wa pauni 175 ni rahisi, na ile mpya ya 320 haiko mbali. Nikiiuza yangu leo, kwa bei ninazoziona, nitapata pauni 110 au 120. Hakuna faida humo, na anayekwambia ipo anauza vipuri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama unachotaka ni kupiga shabaha, na una pauni 210, chukua HW35 ya mtumba, uifanyie huduma mara moja, usahau. Kama una 320 na hupendi kuuliza maswali, nunua mpya ya daraja hilo, wala usishuke kwenye zile za 150. Kama bunduki uliirithi, au chuma chake kizima na bei ni chini ya 80, fanya huduma ya pauni 39 na uishie hapo. Seti ya kulainisha iwekee bunduki inayoistahili. Springi ya "nguvu ya ziada" usiiwekee yoyote.

Na kama wewe ni mtu ambaye saa 11 mezani, ukiwa na ngozi iliyolowa mafuta na mikono myeusi, hazihesabiki kuwa mshahara, basi zifute kwenye hesabu. Mimi nilizifuta. Jumapili iliyopita nilimwita mke wangu, nikaikaza bila mlio, nikafyatua. *Tup*, na kwa mbali kidogo, kopo likaanguka.

"Pauni 70 bunduki," nikamwambia, "134 kazi. Ulisema kweli, nimenunua kazi."

"Basi irudishe kwenye kabati," akasema, "na hiyo springi iliyo kwenye droo yangu ya vijiko uitoe leo."